Adabu ni ya Wawili: Asili ya Neno na Wajibu wa Mhakiki

1.0 Utangulizi

Ni maneno machache yaliyotumiwa mno katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili na kuchunguzwa kidogo kama neno adabu. Mwanafunzi akiulizwa Utendi wa Mwana Kupona unahusu nini, hujibu upesi kwamba unahusu adabu. Akiulizwa adabu ni nini, hutaja tabia njema, heshima na utii, kisha huorodhesha mafunzo, moja baada ya jingine, mpaka karatasi ijae. Kwa namna hiyo kazi ya uhakiki humalizika kabla haijaanza. Adabu huwa imekwisha kuwekwa katika fungu la maudhui, pamoja na dhamira na ujumbe, nayo fani ikaachiwa vina, mizani na tamathali za usemi. Anayesoma hivyo hujua utendi unaagiza nini, asijue unaagizaje, wala unamwagiza nani, wala aagizwaye ana nafasi gani ya kusema lake.

Makala haya yanakusudia kurudi kwenye neno lenyewe. Tutaanza na asili yake, tukililinganisha na neno la Kifaransa étiquette ambalo hufasiriwa kuwa adabu ingawa historia yake ni nyingine kabisa. Kisha tutatazama jinsi Kiswahili kilivyolitenga neno adabu na fasihi, na jinsi kilivyolisogeza karibu na neno adhabu. Baadaye tutalipima neno hilo katika matini tatu: Utendi wa Mwana Kupona, Kidagaa Kimemwozea cha Ken Walibora, na Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla. Katikati tutasimama kidogo Milimani, mtaa wa Nakuru, kwa sababu Kiswahili kilichofika huku bara kilifika kwa mlango tofauti na ule wa pwani, na mlango huo uliiathiri adabu yake.

Hoja yetu ni hii. Adabu ni uhusiano wa kauli baina ya watu wawili, ambapo mmoja hutoa na mwingine hupokea na kujibu, na kwa hiyo haiwezi kuwa sifa anayoimiliki mtu mmoja peke yake. Pale ambapo upande mmoja umenyimwa haki ya kujibu, adabu hugeuka adhabu, hata kama maneno yanayotumika ni matamu. Ikiwa hoja hii ni sahihi, basi adabu ni suala la fani kama ilivyo suala la maudhui, na mhakiki hawezi kuishughulikia kwa kuorodhesha mafunzo.

2.0 Kibandiko na karamu

Neno étiquette katika Kifaransa lina maana mbili ambazo bado ziko hai: kibandiko kinachotiwa juu ya kitu ili kijulikane ni nini, na kanuni za mwenendo katika mikutano ya wakubwa. Maana ya kwanza ndiyo ya asili. Neno lilitokana na kitenzi cha Kifaransa cha kale chenye maana ya kuchomeka au kubandika. Ipo hadithi mashuhuri kwamba katika bustani za Versailles, zama za mfalme Louis wa Kumi na Nne, palichomekwa vibao vya kuwakataza wageni kukanyaga majani, na kwamba huko ndiko adabu za kitarishi na za kifalme zilikopata jina. Hadithi hiyo haina ushahidi wa kutosha, lakini watu wameipenda kwa sababu inalingana na tabia ya neno: kanuni ni kitu kilichoandikwa, kikabandikwa mahali, na kila apitaye hana budi kukifuata bila ya kuuliza.

Neno hilohilo la kale ndilo lililozaa, kwa njia ya Kiingereza, neno ambalo kila Mswahili analijua: tiketi. Hivyo basi Kiswahili kilipokea tawi moja la ukoo huo na kuliacha lingine. Tulihitaji tiketi ya kupandia garimoshi. Hatukuhitaji étiquette, kwa kuwa mahali pake palikwisha kukaliwa na neno adabu. Hata hivyo udugu wa maneno hayo una funzo. Tiketi ni kibandiko kimruhusucho mtu kuingia, na asiye nacho hubaki nje. Étiquette nayo, katika historia yake ya Ulaya, imefanya kazi hiyo mara nyingi: imewatambulisha wenye kujua uma upi hutangulia, ikawazuia mlangoni wasiojua.

Adabu ilitoka kwingine. Wanaisimu wametoa maelezo mawili ya asili ya neno la Kiarabu adab. Maelezo ya kwanza, ambayo yalienezwa na mtaalamu wa Kiitalia Carlo Nallino mwanzoni mwa karne ya 20, yanalihusisha na neno lenye maana ya mazoea au desturi iliyorithiwa. Maelezo ya pili ni ya wanaleksikografia wa Kiarabu wenyewe. Ibn Mandhur, katika Lisan al-Arab, kamusi kubwa ya karne ya 13, anaihusisha adab na kitenzi cha kualika watu kwenye karamu. Adab imeitwa hivyo kwa sababu inawaita watu kwenye mambo mema. Neno maaduba, yaani karamu, ni la mzizi huohuo.

Si lazima tuamue ni maelezo yapi yaliyo sahihi kihistoria. Lililo muhimu ni kwamba wenye lugha waliliona neno hilo kuwa ni wito. Wito unahitaji watu wawili. Aliyealikwa aweza kuja au kuomba radhi, na mwenyeji hupimwa kwa namna alivyoalika kama mgeni anavyopimwa kwa namna alivyokaa. Kibandiko husomwa tu, hakisubiri jibu.

Dhana hii ya wito na jibu imejengeka katika maamkizi yetu. Shikamoo huelezwa kuwa kifupi cha maneno ya kushika miguu ya mkubwa. Mwenye kuamkia hujishusha. Lakini hakuna shikamoo isiyongoja marahaba, na marahaba imetokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya upana wa mahali: kuna nafasi, ingia. Aliyejishusha hupewa nafasi. Mkubwa asiyejibu ndiye aliyekosa adabu, si mdogo. Hali kadhalika hodi haina maana bila ya karibu. Mwenye kupiga hodi mara tatu bila ya kujibiwa hana budi kurudi alikotoka, na akirudi hakuvunjiwa heshima wala hakuvunja.

3.0 Adabu, fasihi na adhabu

Katika Kiarabu adab haikuishia kwenye mwenendo. Ibn al-Muqaffa katika karne ya 8, na al-Jahiz pamoja na Ibn Qutayba katika karne ya 9, walilitumia au walihusishwa na neno hilo kwa maana ya maarifa, ufasaha na uandishi uliomfaa mtu mwenye malezi. Kutokana na maana hiyo, Kiarabu cha leo huita fasihi adab. Kituruki, Kiajemi na Kiurdu nazo zimechukua mkondo huo. Kwa Mwarabu, idara ya fasihi ni idara ya adabu.

Kiswahili kilipohitaji istilahi ya taaluma hii, kiliteua fasihi, neno la mzizi wa ufasaha, ambalo katika Kiarabu huhusishwa na maziwa yaliyotulia povu yakabaki safi. Uteuzi huo ni mzuri, nao umezoeleka kiasi kwamba hakuna haja ya kuubadilisha. Lakini uliacha pengo. Kwa kuitenga fasihi na adabu, tulijizoeza kufikiri kwamba ufasaha ni jambo moja na mwenendo ni jingine; kwamba utungo una uzuri wake upande huu na mafundisho yake upande ule. Mgawanyo wa fani na maudhui, ambao umetawala vitabu vya uhakiki vya shule zetu tangu miaka ya 1970, ulikuta njia imekwisha kufyekwa.

Pengo hilo lilizibwa na neno maadili. Ni vyema ikumbukwe kwamba maadili si adabu. Maadili yametokana na mzizi wa adili, yaani haki na usawa. Swali lake ni kama jambo ni la haki. Swali la adabu ni kama jambo limesemwa na kutendwa kwa namna inayomstahi aliyepo mbele yako. Mtu aweza kusema haki bila ya adabu, na aweza kudhulumu kwa adabu zote. Mhakiki anayeyafanya maneno haya kuwa mamoja hawezi kumtambua mnafiki katika riwaya, kwa sababu unafiki huzaliwa hasa katika nafasi iliyopo baina ya mawili hayo.

Upande mwingine, adabu ilisogea kuelekea adhabu. Kwa asili maneno haya hayana undugu. Adhabu imetokana na mzizi mwingine kabisa wa Kiarabu, wenye ain na dhali, unaohusu mateso. Katika Kiswahili ain ilipotea na maneno yakabaki yakitofautiana kwa konsonanti moja tu. Matumizi yakamalizia kazi: kumtia mtu adabu ni kumwadhibu, na kumfunza mtu adabu mara nyingi ni kitisho. Isidhaniwe kwamba hili ni kosa la Waswahili peke yao. Katika Kiarabu pia, neno taadibu, la mzizi wa adab, lina maana ya kumrudi mtu kwa kipigo au vinginevyo. Mbegu ilikuwapo tangu hapo. Mfanano wa sauti uliiotesha.

Tazama vitenzi vinavyoandamana na neno hili. Tunasema kushika adabu, kuwa na adabu, kukaa kwa adabu. Hapo mwenye adabu ni mtenda. Kisha tunasema kutia adabu. Hapo mtu ni chombo, na adabu humiminwa ndani yake na mwingine. Baina ya kushika na kutia ndipo ulipo mgogoro wote tunaoujadili.

4.0 Mwana Kupona: mwaliko na mpaka wake

Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1275 wa Hijria, yaani takriban 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia wasia binti yake. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu aliyepambana na utawala wa Zanzibar. Utendi una beti zipatazo 102, nao ulitolewa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na Alice Werner na William Hichens mwaka 1934, kwa jina lililotilia mkazo wajibu wa mke. Jina hilo liliwaelekeza wasomaji wengi wa baadaye mahali pamoja: utii kwa mume.

Tukiusoma kwa kipimo chetu tunaona jambo lililofichwa na usomaji huo. Utendi unaanza kwa kumwita binti akaribie, na kuleta wino na karatasi. Mama hasomi kanuni zilizobandikwa. Anamwalika mtu mmoja, kwa nasaba na kwa upole, aketi naye na aandike. Anapoanza kutoa wasia, la kwanza ni dini, na la pili ni adabu. Adabu hiyo haikutajwa peke yake: katika ubeti huohuo imefungamanishwa na ulimi mwema, na matokeo yake ni kwamba binti atapendwa kila mahali atakapoingia. Baadaye mama anamtaka awe mchangamfu, kwa maneno yasiyo na hila, wala asiwe mbishi. Kwa Mwana Kupona, basi, adabu huanzia ulimini. Nayo, kama tiketi, humfungulia mtu milango, ila tofauti ni kwamba haikukatwa na mwenye mlango. Binti anaibeba mwenyewe katika usemi wake.

Ann Biersteker alipoudurusu utendi huu mwaka 1991, alionyesha kwamba si hati ya utii tu, bali ni tungo inayozungumzia uwezo wa mwanamke wa kutumia lugha. Tunakubaliana naye kwa sehemu kubwa, na tungependa kuongeza ushahidi mwingine: mwishoni mshairi anawageukia wanawake kwa jumla na kuwahimiza wausome utendi wenyewe, wafahamu maana yake. Wasia uliokuwa wa wawili unageuka karamu ya wengi.

Ulinganisho na Ulaya unasaidia hapa. Takriban karne moja kabla ya Mwana Kupona, Lord Chesterfield wa Uingereza alimwandikia mwanawe barua nyingi za mafunzo ya mwenendo. Zilichapishwa mwaka 1774, mwaka mmoja baada ya kufa kwake, na mjane wa mwanawe. Chesterfield ni miongoni mwa waandishi wa mwanzo kulitumia neno etiquette katika Kiingereza. Mzazi anamwandikia mwana, wasia ni wa maandishi, na mada ni namna ya kukaa na watu. Lakini barua hizo zinamfunza kijana namna ya kupanda ngazi. Watu anaokutana nao ni daraja za kupitia. Kwa Mwana Kupona mtu mwingine ni mwisho wa safari: mume, mama, jirani, na juu yao Mungu na Mtume, kila mmoja ana haki yake.

Hata hivyo, hatuna budi kuuonyesha mpaka wa karamu hiyo. Mwana Kupona anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi, kwa kuwa watampotosha. Ubeti huo husahauliwa na wahakiki wanaomtetea na hukuzwa na wanaomshutumu. Kwa maoni yetu ndipo fundo la utendi lilipo. Adabu inayomwezesha binti apendwe kila aingiapo imejengwa juu ya nyumba ambamo wamo watu wasioalikwa. Wao hupokea amri, hawapokei wito. Si ajabu kwamba neno uungwana, ambalo leo maana yake ni utu mwema, asili yake ni hali ya kutokuwa mtumwa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilitolewa na Carl Velten mwaka 1903, anaeleza desturi za waungwana na za watumwa kwa makini sana, na msomaji hawezi kukosa kuona kwamba maamkizi ya mtumwa hayakuwa maamkizi ya mwungwana. Kwa hiyo tusiseme kwamba pwani ilikuwa na adabu kamili ambayo bara iliiharibu. Pwani ilikuwa na mwaliko wa kweli, na ilikuwa na orodha ya wasioalikwa.

5.0 Milimani na Bondeni: adabu ya upande mmoja

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mji uliokua pembeni yake ukawa makao ya biashara ya walowezi wa Bonde la Ufa. Mpangilio wa mji ulikuwa ni kanuni iliyobandikwa juu ya ardhi. Wazungu walikaa upande wa juu, kwenye miteremko ya Menengai. Mitaa ya mwanzo ya Waafrika, Bondeni ikiwa mmojawapo, ilikuwa chini. Majina yenyewe yanasema: milimani na bondeni, maneno mawili ya mahali yenye kiambishi kimoja, ambayo kwa pamoja yanatamka nani yuko juu na nani yuko chini. Mwafrika aliruhusiwa kulala Milimani ikiwa ni mtumishi, katika vyumba vya nyuma ya nyumba. Mpaka kipande kilipoondolewa katika miaka ya 1940, alitembea na cheti hicho, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1915 na kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kikiwa ndani ya kasha la chuma alilolining'iniza shingoni. Tukitafuta étiquette kwa maana yake ya asili katika historia ya Kenya, yaani kibandiko kinachofungwa juu ya kitu ili kijulikane ni cha nani, tutaikuta hapo.

Lugha ya nyumba hizo ilikuwa Kiswahili cha walowezi, ambacho wanaisimu hukiita Kisetla. Mara nyingi huelezwa kwa makosa yake ya sarufi: ngeli zilizovunjika, vitenzi visivyonyambulishwa. Kwetu sisi kasoro kubwa ni nyingine. Kiswahili huweka adabu ndani ya sarufi. Ombi hutamkwa kwa dhamira tegemezi: uniletee, tuondoke, nipewe, huambatana na naomba, hebu, tafadhali, mtu mzima huitwa kwa jina la heshima, mzee, bwana, mama, baba. Kisetla kiliondoa vyote hivyo kwa mpigo. Kilibaki na amri, na mara nyingi amri yenyewe ilikuwa kitenzi kisicho na nafsi: kuja hapa, kuleta maji. Mwanamume mwenye mke na watoto aliitwa boi. Miongozo iliyochapishwa kwa ajili ya walowezi, kama ule wa F. H. Le Breton wa Kiswahili cha bara, ilikusudiwa kumwezesha mwajiri aeleweke na wafanyakazi wake. Katika lugha hiyo neno adabu halikupotea; lilibaki katika umbo moja tu, kutia adabu.

Watumishi waliopokea lugha hiyo hawakuwa watu wasio na adabu. Mkikuyu alikuwa na gĩtĩĩo, Mkalenjin konyit, Mmasai enkanyit. Kila neno kati ya hayo lina taratibu zake za rika, za ukwe na za maamkizi, na zote ni za kujibizana. Kilichotokea Milimani ni kwamba watu wenye adabu zao walipewa lugha iliyokwisha kunyang'anywa ya kwake.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaosema kwamba Kiswahili cha bara ni kikavu kisicho na heshima. Tusikilize mazungumzo ya Nakuru leo, mji uliopewa hadhi ya jiji mwaka 2021. Mnunuzi hamwambii muuza duka nipe; humwambia nisaidie na sukari. Mwalimu wa sarufi hukemea na hiyo, na kwa sarufi sanifu ana haki. Lakini atazame kilichofanywa. Amri imegeuzwa ombi la msaada. Muuza duka, ambaye angeweza kuwa mtumwa wa fedha ya mteja, amefanywa mfadhili. Vivyo hivyo wingi wa heshima katika asanteni na karibuni, hata kwa mtu mmoja. Wasemaji waliorithi lugha ya amri waliijengea upya mlango wa kujibizana kwa vifaa walivyokuwa navyo. Huo ni ubunifu, na unastahili kuchunguzwa na mwanafasihi kama unavyochunguzwa na mwanaisimu.

Aidha, kibandiko hakijatoweka. Katika malango ya Milimani, kama katika mitaa mingine ya wenye nacho nchini, kibao cha Mbwa Kali kimechukua mahali pa karibu. Mwenye nyumba amebadilika rangi. Hodi bado haina wa kuijibu.

6.0 Mtumishi mwenye mswada

Historia hiyo inatuwezesha kusoma Kidagaa Kimemwozea (2012) kwa jicho jingine. Riwaya hii ya Ken Walibora, iliyotahiniwa katika shule za sekondari za Kenya kwa miaka kadhaa, huhakikiwa zaidi kwa kuzingatia uongozi mbaya na ufisadi. Dhamira hizo zipo. Lakini riwaya imejengwa juu ya uhusiano wa waajiri na watumishi: Amani ni mchungaji wa Mtemi Nasaba Bora, na Imani ni mtumishi katika nyumba ya Mwalimu Majisifu, nduguye Mtemi. Mtemi ana adabu zote za nje. Ana cheo, ana jina la ukoo bora, ana haki ya kuamkiwa. Asichokuwa nacho ni uwezo wa kujibu kwa haki. Anapomshuku Amani, hamwulizi, anampiga. Hiyo ndiyo adabu ya kutia.

Upande wa Majisifu ni mchungu zaidi kwa sisi wasomi. Yeye ni mwalimu na mwandishi mwenye sifa, na riwaya iliyompa sifa ni mswada alioiba. Mwenye mswada ni Amani, mchunga ng'ombe. Wasomaji wengi huliona tukio hili kama mfano mmoja zaidi wa ufisadi. Kwa kipimo chetu ni kiini cha riwaya. Mtumishi ambaye jamii inamtarajia apokee amri tu ndiye mwenye lugha. Mwungwana anayetarajiwa kuwa na lugha ameinyakua ya mwingine, kisha akakaa katika kiti cha heshima. Walibora amevigeuza vyumba vya nyuma kuwa mahali fasihi inapotungwa. Ubeti wa Mwana Kupona kuhusu watumwa umepata jibu lake, baada ya karne moja na nusu.

7.0 Adabu gerezani

Jibu jingine lilikwisha kutolewa na mshairi wa Mombasa. Abdilatif Abdalla alifungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijitabu cha kisiasa, Kenya: Twendapi?, kilichoihoji serikali ya wakati huo. Kwa lugha ya wenye mamlaka alitiwa adabu. Mashairi aliyoyatunga kifungoni, na kuyaandika kwa siri kwenye karatasi za msalani, yalitoka kwa jina Sauti ya Dhiki mwaka 1973, na mwaka uliofuata yakapata tuzo ya fasihi iliyopewa jina la Jomo Kenyatta, rais ambaye chini ya serikali yake mshairi alifungwa.

Wahakiki wamezungumza sana kuhusu ujasiri wa mashairi hayo. Tungependa kuzungumzia adabu yake. Mfungwa amenyimwa jibu. Hapo ndipo maana ya kifungo ilipo. Abdilatif hakujibu kwa lugha ya amri aliyosemeshwa. Alijibu kwa bahari za mashairi ya jadi, kwa vina na mizani iliyotimia, kwa mazungumzo na majibizano, yaani kwa utaratibu uleule ambao kwa karne nyingi washairi wa pwani wameutumia kuitana na kuitikiana. Utimilifu wa vina katika chumba cha gereza si pambo. Ni madai ya mtu kwamba yungali katika karamu ya watu, na kwamba aliyemfungia mlango ndiye aliyekosa adabu. Fani hapa ndiyo maudhui. Mhakiki anayevihesabu vina katika sura moja na kuorodhesha dhamira katika sura nyingine ataviona vyote viwili, asione shairi.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba étiquette ni kibandiko na adabu ni wito, na kwamba neno la pili laweza kufanywa kuwa la kwanza pale ambapo wito haungoji jibu. Hilo lilitokea kwa mtumwa wa Lamu na Siyu, kwa boi wa Milimani, kwa Amani wa Walibora na kwa mfungwa. Limetokea pia madarasani. Kiboko kilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, lakini mtihani unaomtaka mwanafunzi aorodheshe mafunzo sita ya utendi, bila ya kumwuliza anasemaje kuhusu mafunzo hayo, bado ni namna ya kumtia fasihi.

Methali husema heshima si utumwa. Husemwa na wakubwa kuwahimiza wadogo, na kwa hiyo huonekana kama methali ya utii. Lakini isomwe tena polepole: inaweka sharti. Heshima inayodai utumwa imekwisha kuvunja sharti hilo. Wajibu wa mhakiki, anapoikuta adabu katika utungo, ni kuuliza maswali matatu kabla ya kuandika orodha yoyote: nani ameitwa, nani hakuitwa, na aliyeitwa amepewa nafasi gani ya kuitika. Maswali hayo yatamrudisha katika beti na sentensi zenyewe, kwenye nafsi za vitenzi, kwenye namna ya kuamuru na kuomba, na huko ndiko neno fasihi na neno adabu zinakokutana, ingawa kamusi zetu zimeziweka mbalimbali.